Madoa ya rangi ya chungwa kwenye sabuni: nianze kubadilisha nini?

Ndugu mshauri,

Naomba msaada juu ya madoa yanayojitokeza kwenye sabuni ya njia baridi (isiyopikwa motoni) wakati inakomaa. Mche ukikatwa huwa mweupe safi, na hukaa hivyo mwezi mzima. Kuanzia wiki ya 5 au ya 6 vinatokea vidoti vya rangi ya chungwa, kwanza kwenye kona na kingo, kisha vinatanuka.

Vipimo vyangu kwa gramu 1,000 za mafuta ni hivi: nazi 300, mawese yaliyosafishwa 300, alizeti 300, nyonyo 100. Kostiki soda ni gramu 139 na maji gramu 280, hesabu inayoacha mafuta ya ziada, yaani yasiyogeuka sabuni, kama asilimia 8. Vyote hupimwa kwa mizani, maji pia. Rangi siweki, manukato siweki.

Nitaje kwanza yale ambayo nimeshayaondoa kwenye orodha, ili tusipoteze muda. Kostiki isiyochanganyika huacha vidoti vyeupe au vijishimo vyenye majimaji, na ukigusisha ncha ya ulimi inachoma kama umeme, haya hayachomi. Mawese yasiyoyeyuka vizuri huganda vipunje vyeupe tangu siku ya kwanza. Unga mweupe wa juu, ule unaotokea sabuni mbichi inapokutana na hewa, hukwanguliwa kwa kisu ukaisha. Vanila nayo hugeuza kipande kizima kuwa kahawia, haichagui mahali.

Kinachobaki ni mafuta kuchacha. Nimepasua doa moja katikati: juu ni duara la rangi ya chai ya rangi, katikati yake kuna chembe nyeusi ndogo kuliko punje ya chumvi, na umanjano umeshuka ndani milimita 3 hivi. Pale kwenye doa sabuni inanata kidole na inanuka mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Sentimita moja pembeni, sabuni ni nzima kabisa.

Hiyo chembe ndiyo iliyonifanya nishuku chuma. Kidogo tu cha chuma au shaba kinatosha kuharakisha kazi ya oksijeni kwenye mafuta. Vipande vilivyokomazwa juu ya wavu wa waya vilipata madoa upande wa chini, yamejipanga kufuata waya. Hapo hakuna ubishi, na wavu umeshatupwa. Lakini vya mche uleule vilivyokaa juu ya ubao uliotandikwa karatasi navyo vimepata, machache na yametawanyika ovyo. Maji ya bomba ninayotumia huacha alama ya kutu kwenye ndoo, kwa hiyo nikajaribu mche mwingine kwa maji ya mvuke, yale yasiyo na madini. Madoa yalichelewa, hayakukosa kuja.

Kwa maoni yangu madini yanaharakisha tu, tatizo lenyewe liko kwenye mafuta. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, na hiyo ndiyo inayochacha upesi. Kwa gramu 300 kati ya 1,000, linoleiki ya mchanganyiko mzima inapita asilimia 20, wakati watengenezaji wengi hujitahidi isizidi 15. Juu yake kuna asilimia 8 ya mafuta yasiyogeuka sabuni, ambayo yamekaa tu yakisubiri hewa.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza, alizeti ishuke hadi gramu 100 na mzeituni uingie gramu 200. Kostiki haibadiliki kwa sababu mafuta haya mawili yanakula kiasi kilekile. Ya pili, mafuta ya ziada yashuke hadi asilimia 5, yaani kostiki gramu 143. Ya tatu, kuongeza asidi ya sitriki gramu 10 ili ifunge madini. Hii inayeyushwa kwenye maji kabla ya kostiki, na inataka kostiki ya nyongeza gramu 6, kwa kuwa asidi hiyo inakula kostiki kabla mafuta hayajaipata. Ukisahau nyongeza, mafuta ya ziada yanaruka kutoka 8 hadi 12 hivi, na hapo umejitengenezea madoa mengine. Vitamini E, ya kuchelewesha mafuta kuchacha, naifahamu, ila sijaona ikisaidia sana peke yake.

Sitaki kubadilisha vyote kwa mkupuo, maana sitajua kilichotibu ni kipi, na kila jaribio linakula miezi miwili. Ungeanza na ipi? Hofu yangu kwenye ya kwanza ni mzeituni kuchelewesha sabuni kuwa ngumu. Kwenye ya pili, kwa nazi asilimia 30, je, mafuta ya ziada ya 5 hayataifanya ikaushe ngozi?

La mwisho ni vipande vyenye madoa. Kuvikwangua na kuviyeyusha upya naona ni kusambaza uchachu kwenye sabuni nzima. Je, nikikata doa na nyama yake yote ya manjano, kilichobaki kinaweza kukaa salama, au kitumike kufulia mara moja kiishe?

Msomaji wako