Bata mnayemcheka ana mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi viatu, huu ni mwaka wa 19 nimekaa pembeni mwa soko hapa Mtwara mjini, na kwa kuwa kigoda changu ni kifupi, watu nawaona kuanzia magotini kushuka. Sura ya mteja naweza kuisahau, soli yake siisahau.

Wiki iliyopita mama mmoja mjamzito alikuwa anavuka mtaro ulio mbele ya kibanda changu. Juu ya mtaro pana ubao mmoja, mwembamba. Akasimama, akashika meza ya muuza dagaa, akatanguliza mguu, akatulia, ndipo akauvuta wa pili. Vijana wa bodaboda wakaanza: "Mpisheni bata! Mpisheni bata!" Yule mama akacheka nao, kicheko cha aibu. Nilikuwa nimebana misumari mdomoni, sikuweza kuwajibu. Nawajibu leo.

Tumbo likikua, uzito unahamia mbele. Asiporudisha mabega nyuma ataanguka kifudifudi. Hapo hapo mwili wake unatoa homoni iitwayo relaksini, inayolegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Nyonga zikilegea, miguu inatanuka, hatua zinafupika, na unyayo unakawia chini kabla ya kunyanyuka. Mwanamume akivuka gogo la mnazi lililolala mtoni naye anafupisha hatua na kukawiza unyayo, na hakuna anayemwita bata.

Binti yangu anasomea uuguzi, ndiye anayenifafanulia haya. Anasema mama mwenye uzito wa kawaida anatarajiwa kuongeza kilo 11 mpaka 16 hadi siku ya kujifungua. Ndoo ya lita kumi hiyo, na zaidi. Tumesikia sana habari za kumtua mama ndoo kichwani. Hii ya tumboni nani amtue?

Jambo lililonifurahisha kama fundi ni la mgongo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza kwamba upinde wa kiuno cha mwanamke umegawanywa kwenye pingili tatu, wa mwanamume mbili. Nilimwambia binti yangu hilo hata mimi ningelijua bila shule: kiatu kinachokunjika mahali pamoja hupasuka upesi, kinachokunjika taratibu kwenye eneo pana hudumu. Aliyemuumba mwanamke ni fundi kuliko sisi.

Sasa viatu. Kwa wateja wangu wengi kisigino hulika upande wa nje. Mama akifika mwezi wa saba naona soli inaanza kulika kwa ndani, maana upinde wa unyayo umelala. Mguu nao unarefuka na kupanuka, na kwa wengine haurudi tena baada ya kujifungua. Kuna dada aliniletea viatu vyake vya harusi akidai gundi yangu imevibana. Tuligombana nusu saa. Nikapima mguu kwa kamba, nikapima na kiatu. Mguu ulikuwa umekua, na mtoto mgongoni alikuwa na miezi minane.

Kina mama wanene wasio na mimba nao soli zao zinalika kwa ndani, na magoti ndiyo yanayoumia. Watafiti walipima watu wazito wenye magoti mabovu, wakakuta kila kilo inayopungua mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo anayekwenda polepole kutoka sokoni msimwite mvivu. Hesabuni hatua zake mpaka Magomeni ya hapa Mtwara.

Mimi mwenyewe si msafi. Mimba yetu ya kwanza tulikuwa tunawahi kivuko cha Msangamkuu, nikamwacha mke wangu nyuma nikimpigia kelele aache kujidekeza. Kivuko tulikikosa, na hakunisemesha mpaka usiku.

Waume wenzangu, ndala hazimfai mjamzito. Hazina mkanda wa nyuma, inabidi azing'ang'anie kwa vidole, na tumbo limeshamzuia kuona anapokanyaga. Vya mchuchumio ndiyo kabisa, vinamsukuma mbele anakokataa kwenda. Mnunulieni kiatu cha chini, kipana, chenye mkanda kisiginoni. Kama hela hakuna, leteni hicho alichonacho, mkanda nashona kwa shilingi elfu moja.

Na wanaohusika na soko watuwekee ubao wa pili pale mtaroni. Wa pili tu, hatujaomba daraja.

Miaka yote hii, mwanamume aliyewahi kuniletea kiatu cha mkewe mjamzito namkumbuka mmoja. Aliomba apunguziwe mpaka mia tano.

Fundi Viatu,
Mtwara Mjini