Barua ya wazi kwa vijana wa Kilwa Kisiwani mlioko Dar es Salaam

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam alaykum. Nasikia baadhi yenu mnataka kuuza viwanja vya wazee wenu huku Kisiwani, eti hapa hakuna maisha. Nisikilizeni kabla hamjatia saini.

Maisha yapo, ila si ya Kariakoo. Magari hatuna. Mtoto akitoka asubuhi kwenda kucheza, kila mama njiani anajua ni wa nani, na akishikwa na kiu atapewa maji mlango wowote. Ngalawa zikirudi, asiye na hela anachukua kitoweo, atalipa kesho. Jirani akifiwa, unasikia kilio, unavaa kanzu, unatoka. Huko mjini mnalipa kodi ya chumba na hamumjui anayelala nyuma ya ukuta.

Na tunaishi mahali gani! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akausifu mji huu kwa uzuri. Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, na lile birika lake la pembe nane, Msikiti Mkuu na kuba zake, hayo ndiyo majirani zetu. Mvua kubwa ikishanyesha, ufukweni hufumuka vigae vya vyombo vya Kichina vya rangi ya kijani kibichi. Mwacheni mtoto akishike kigae, akigeuze juani, kisha akirudishe alipokikuta. Darasa gani la historia litampa hilo?

UNESCO iliandika magofu haya, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya hatari, kwa kuwa kuta zilikuwa zinabomoka. Yakatolewa humo 2014. Gofu linataka watu wa karibu: wa kufyeka vichaka na kutunza mikoko inayopunguza nguvu za mawimbi.

Siwafichi shida. Mgonjwa mahututi lazima avushwe maji, hata usiku wa manane. Kazi za mshahara ni chache. Aliyekwenda kutafuta riziki simlaumu hata kidogo. Lakini kiwanja kikishauzwa, mjukuu wako atafika Kisiwani kama mtalii, akitafuta mtu wa kumtembeza.

Idi ijayo njooni na watoto. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mto Rufiji si kikwazo tena. Tukae kiukoo, tukubaliane nani ajenge na nani atunze minazi. Atakayejenga awaone kwanza watu wa Idara ya Mambo ya Kale, na asiguse hata jiwe moja la gofu.