Deni za Mzee wa Magazeti zimefutwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo hapa kwa ukurasa wa barua, najua tanzia hulipiwa na sisi pesa iliishia mochari, lakini baba yangu ameuza hili gazeti lenu pale barabara ya Tom Mboya karibu na hoteli ya Ambassadeur miaka thelathini na kitu, na jina lake halijawahi kuandikwa ndani hata siku moja.

Wengi mlimjua tu kama Mzee wa Magazeti. Alikuwa anatoka Kariobangi saa kumi alfajiri, anachukua mzigo, anatandika nailoni chini na kila rundo analiwekea jiwe upepo usipeperushe. Hayo mawe alikuwa anayaosha kila Jumapili, usiniulize kwa nini. Ikifika saa moja watu wameshamzunguka, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bure na hakuwa anafukuza mtu. Kuna wengine alikuwa anawakodishia, unasoma hapo hapo unarudisha bila kukunja, unamwachia shilingi tano. Hiyo Mhariri utanisamehe, najua kampuni haipendi, lakini hizo tano tano ndizo zilininunulia sare ya shule.

Sasa siku ya mazishi, pale kaburini, mzee wa kanisa aliuliza kama kawaida, kama kuna anayemdai marehemu aone familia. Kimya. Kumbe yeye ndiye alikuwa anadai watu! Wiki jana tumefungua sanduku lake la bati tukakuta madaftari kumi na manne, zile za shule za kurasa 32, zote deni. Jina la mtu hakuna, ni vile yeye alikuwa anawaona: Kofia, Mama Chapo, Kanjo Mpole (huyu alikuwa askari wa jiji), Kijana wa Kazi. Huyu wa mwisho kila Ijumaa alikuwa anachukua gazeti la matangazo ya kazi, karibu mwaka mzima hajalipa hata moja, halafu ghafla mzee ameandika "amepata" na kuchora mstari juu ya deni yote.

Ukurasa mmoja ndio umetunyima usingizi. Ijumaa 7/8/98. "Zimebaki 64", halafu chini yake, "zimeenda zote, pesa hakuna". Tulidhani aliibiwa, mpaka Mama akatueleza. Bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani pale barabara ya Moi inapokutana na Haile Selassie, watu wakikimbia kuja upande wake, yeye alibeba hizo gazeti akaenda kule walikotoka, akawa anawatandikia waliojeruhiwa wasilale juu ya vioo, na wengine ikawa ni kuwafunika tu. Watu zaidi ya mia mbili walikufa siku hiyo. Akarudi Kariobangi kwa miguu, damu na wino kwa mikono, na kesho yake akamlipa ajenti zile 64 kwa pesa ya nyumba. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni landilodi amefunga mlango wetu kwa kufuli na sisi tumekaa nje kwa godoro, na baba anacheka na jirani kama hakuna kitu.

Basi ujumbe wangu ni huu. Tumekaa na Mama tukakubaliana deni zote zifutwe. Kama unajijua wewe ni Kofia, ulikuwa na gazeti 41, usitafute mtu. Mama Chapo, zako zilikuwa zinakatwa na chapati na hesabu imetushinda, hatujui nani anamdai nani. Kanjo Mpole asante kwa zile siku ulikuwa unamwambia afunge mapema kabla wenzako wafike na lori.

Aliyebaki ni mmoja tu, Wakili, yule alikuwa anasimamisha gari katikati ya barabara anachukua mbili kupitia dirishani bila kuzima injini, 2009 mpaka 2013. Huyo nimemtetea sana lakini Mama amekataa kabisa. Anasema alipe.

Binti wa Mzee wa Magazeti,
Kariobangi, Nairobi