"Graft" si bahasha peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie neno la Kiingereza "graft", ambalo magazeti ya Kiingereza ya Nairobi hulipenda katika vichwa vya habari, bila shaka kwa ufupi wake, na ambalo likifika katika magazeti yetu ya Kiswahili aghalabu huandikwa "rushwa", basi.

Kwa mkulima, neno hilo ni kubebesha: kikonyo cha mchungwa hufungwa juu ya shina la mlimao, nalo shina likalisha matunda yasiyo yake. Asili yake, kupitia Kifaransa, ni jina la Kigiriki la kalamu ya kuchorea, kwa kuwa kikonyo kilichochongwa kilifanana nayo. Maana ya ufisadi ilienea Marekani katika karne ya 19, na wataalamu wanabishana kama ilichipuka kutoka shambani au katika neno la mitaani la Uingereza lenye maana ya kazi. Ajabu ni kwamba huko Uingereza "graft" ya mtu bado ni juhudi yake, tena ni sifa.

Aliyelifafanua vizuri kuliko wote ni mnufaika wake, George Washington Plunkitt, seneta wa jimbo la New York na kigogo wa Tammany Hall, kundi la chama cha Democratic lililoutawala mji huo kwa miaka mingi. Katika mazungumzo yake yaliyochapwa na mwandishi wa habari William Riordon mwaka 1905, alitenga "graft" chafu, yaani kuwakamua wenye kamari na vilabu vya pombe, na ile aliyoiita ya uaminifu: akidokezwa kwamba bustani ya umma itajengwa mahali fulani, hununua ardhi ya hapo kabla wengine hawajajua, kisha huiuza kwa faida. Alijisifia pia mnada wa mawe 250,000 ya barabara, ambapo aliwaahidi washindani wake mawe ya bure ili wanyamaze, akayapata yote kwa dola 2.50.

Hapo ndipo "rushwa" inapopwaya, kwa maana masikioni mwetu rushwa ina mtoaji na mpokeaji, ilhali katika bustani ya Plunkitt aliyetoa ni mlipa kodi, naye hakuwa na habari. Wakenya wana Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Sisi tuna Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ingawa sheria yetu ya mwaka 2007 inaadhibu pia matumizi mabaya ya madaraka. Kwa hili naona jina la Kenya limelenga vyema zaidi, japo jina halijamfunga mtu popote.

Ninachowaomba waandishi wako ni kutaja kitendo. Kiongozi aliyenunua mashamba kando ya barabara ambayo haijatangazwa aandikwe hivyo, aliyanunua lini na kwa bei gani, kabla ya kubandikwa neno lolote.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga