Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanaokuja na Wanaobaki

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazazi wanaosomesha watoto nyumbani,

Habari ya fedha nitaipita haraka. Mweka hazina ameiandaa vizuri kuliko nitakavyoweza kuisimulia, na makabrasha ya mapato na matumizi mnayo mikononi. Itoshe kusema hatudaiwi na mtu, na sehemu kubwa ya ada zenu ilikwenda kwenye ukumbi wa masomo ya pamoja na vifaa vya sayansi. Mwenye swali kuhusu darubini, na najua mko wengi, angoje zamu ya mweka hazina.

Mimi nataka kuzungumzia watu. Mwaka huu kamati ilibadilisha jambo dogo kwenye fomu ya kujiunga: visanduku vya kutia alama vimeondolewa, na mzazi anaandika kwa maneno yake kwa nini ameamua kumsomesha mtoto nyumbani. Fomu hizo nimezisoma zote. Yale maneno ya mitaani kwamba sisi ni watu wa dini tu, au watu wenye uwezo wasiotaka watoto wao wachangamane na wa wenzao, humo hayakupata shahidi. Wapo walioandika habari ya imani yao, tena waziwazi, na ni haki yao. Ila walio wengi wameandika habari ya mtoto. Yuko aliyeonewa na wenzake mpaka ikawa kila Jumapili jioni anaumwa tumbo. Yuko mwenye usonji ambaye kelele za darasa humchosha kabla somo la kwanza halijaisha. Mwingine ameshaelewa hesabu za mwaka mzima, akaambiwa atulie angoje wenzake. Mwingine wazazi wake wanahamishwa kikazi kila mara, na sasa hataki tena kuanza kutafuta marafiki upya.

Wala si kwetu tu. Serikali ya Marekani ilipowauliza wazazi wa aina yetu mwaka 2019, karibu 8 katika kila 10 walitaja wasiwasi juu ya mazingira ya shule: usalama, dawa za kulevya, shinikizo la marika. Mafunzo ya dini yalitajwa na 6 hivi katika kila 10. Mzazi aliruhusiwa kutaja sababu zaidi ya moja, na hilo nalo lina maana yake, kwa sababu uamuzi huu ni nadra kuwa na chanzo kimoja. Ulipokuja mwaka 2020, shule zikafungwa duniani na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wakabaki majumbani, wazazi wengi waliona kwa macho yao namna mtoto wao anavyosoma na mahali anapokwama. Wengi waliwarudisha shuleni milango ilipofunguliwa, tena kwa furaha. Wachache walisita, na baadhi yao leo wamo humu ukumbini.

Hata hivyo, miaka niliyokaa katika kiti hiki imenionyesha kwamba sababu inayomleta mtu si ile inayombakiza. Tumbo la Jumapili hupona. Mtoto akishapona, sababu iliyoandikwa kwenye fomu imekwisha, na mzazi amebaki na meza, vitabu na siku ndefu. Hapo ndipo familia inapobaki au inapoondoka. Katika kuangalia kwangu, wanaobaki si lazima wawe na mtaala bora. Ni wale waliopata familia nyingine mbili au tatu za kupigiana simu.

Mvulana mmoja alijiunga nasi mwanzoni mwa mwaka, akakaa kwenye kona ya ukumbi wiki nenda wiki rudi bila kusema na mtu. Mama yake alikuwa akiomba radhi kwa kila aliyepita. Tukamwambia amwache. Siku moja baba mmoja wa chama alileta redio mbovu, akaifungua mezani, akaondoka kwenda kuzungumza na simu. Aliporudi, mvulana alikuwa ameshapanga skrubu kwa ukubwa juu ya karatasi na ameuona waya uliokatika. Alichosema kilikuwa swali: kifaa cha kulehemu kiko wapi? Leo anasumbua watu kwa maswali. Hakuna somo lililoandaliwa hapo. Palikuwa na mtu mzima aliyejua kunyamaza, na muda usiopigiwa kengele.

Swali la «watajuaje kuishi na watu?» tutaendelea kuulizwa hadi uzeeni, kwa hiyo tusilichukie. Ni swali la haki. Mtoto aliyefungiwa ndani na mzazi mmoja na kompyuta hajapata elimu ya nyumbani, amepata upweke. Jibu letu ni siku ya pamoja, watoto wetu wa umri mbalimbali wanapokutana. Mwaka huu nilimwona mtoto mdogo akibisha kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Msichana wa miaka 13 hakumbishia. Alichukua vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, akakunja kimoja sehemu tatu sawa na kingine sehemu nne sawa, akachana sehemu moja ya kila kimoja, akaviweka kimoja juu ya kingine mbele yake. Mdogo akatazama, akanuna, kisha akaenda kumwonyesha mwingine. Darasani hawa wawili wasingekutana, maana miaka yao imepishana mno.

Kuhusu sheria nasema machache. Hali inatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Ujerumani inamtaka kila mtoto ahudhurie shule, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubalia msimamo huo mwaka 2006 na tena 2019. Ufaransa, ambako zamani mzazi alitoa taarifa tu, tangu 2022 anatakiwa kuomba kibali. Marekani majimbo yote yanaruhusu, kila moja kwa masharti yake. Wenzetu hupenda kutaja ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, inayompa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Vema, lakini ibara hiyo hiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima. Anayesoma nusu ya ibara mbele ya ofisa wa elimu anatuharibia wote. Wekeni kumbukumbu: daftari la kazi, sampuli zenye tarehe, orodha ya vitabu. Ofisa akija, mpokeeni vizuri.

Na jambo lingine la kusemana kindugu. Acheni kusambaza zile takwimu kwamba watoto wa nyumbani huwashinda wa shuleni. Uchunguzi mwingi wa namna hiyo umetegemea familia zilizojitolea zenyewe, na anayejitolea kupimwa mara nyingi ni yule anayejua atafaulu. Tuna mifano mizuri ya kutosha bila kuipamba.

Sasa nije kwenye linalonikera. Kazi ya chama inabebwa na akina mama wachache, na ni walewale ambao nyumbani wanasomesha, wanapika na kufua. Wengine wameacha ajira kwa ajili ya uamuzi huu, ikawa nyumba inaishi kwa mshahara mmoja. Mwaka huu wawili waliomba kupumzika kwa sababu ya kuchoka, si kwa sababu ya ugomvi. Akina baba, kumsifia mkeo mkutanoni hakuoshi sahani. Kamati inapendekeza kila familia, si kila mama, iingizwe kwenye daftari la zamu, na baba asiyeweza siku za kazi apewe Jumamosi.

Vijana wetu nao wanakua. Masomo ya chini tunayamudu. Tatizo linaanza kwenye mtihani wa vitendo wa kemia na fizikia, na kupata kituo kitakachompokea mtahiniwa binafsi. Katibu amefanya mazungumzo na vituo viwili, na maabara moja imekubali kutupokea wakati wa likizo. Anayetarajia kumwandikisha mtoto mwakani asingoje tangazo la mwisho, maana tarehe za usajili hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani.

Familia kadhaa zimewarudisha watoto shuleni mwaka huu. Nimesikia mnong'ono kwamba zimeshindwa. Sitaki kuusikia tena. Mtoto akihitaji shule apelekwe shule, na familia hiyo ibaki kwenye orodha yetu ya mialiko kama ilivyokuwa. Mama mmoja kati yao bado anafundisha kikundi cha kusoma kila wiki, kwa watoto wenu.

Nafasi mbili zinagombewa leo: naibu katibu na mratibu wa vijana. Ya pili haijapata jina hata moja. Fomu ziko kwa katibu karibu na mlango, na uchaguzi utaanza mara baada ya hesabu kusomwa.