Mutua, mzuie huyo fundi kwanza

Kariobangi Light Industries, Nairobi
Jumatano usiku

Ndugu yangu Mutua,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mvua inatusumbua na wateja wamepungua. Naandika mbiombio kwa sababu Kioko amepita hapa jioni akaniambia umepata fundi huko Machakos wa kuziba Probox inayovuja oili juu ya injini, na kwamba kazi yote ataimaliza kwa tyubu moja ya silikoni. Tafadhali, mzuie.

Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, haizibwi kwa silikoni, Mutua. Inazibwa na gasketi ya mpira inayokaa kwenye mfereji wake. Mpira huo ukipigwa na joto miaka mingi hukauka ukawa mgumu kama plastiki, na oili ikapata njia. Nunua mpya, pamoja na zile pete za mashimo ya plagi. Silikoni ikipakwa kava nzima, ya ziada huminywa ndani, vipande vikakatika na kushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Likiziba, injini inakosa oili. Nimeona injini ya mtu ikinoki hivyo, kisa bei ya gasketi. Inaniuma hadi leo.

Kama injini yako ni ile aina ya 1NZ, silikoni ina mahali pake: pembe 2 tu, pale kava ya cheni inapokutana na hedi, yaani kichwa cha injini ambacho tapeti kava hukalia. Tone dogo kila pembe, kava ifungwe ndani ya dakika 3, kisha mliache gari kwa muda wa saa 2 bila kuliwasha. Lakini kabla ya hayo pasafishwe hadi pakauke kabisa, maana pakibaki oili silikoni haishiki. Na asikwangue kwa bisibisi! Hedi ni aluminiamu, mkwaruzo mmoja tayari ni mvujo mwingine.

Kukaza nako, Kioko anasema jamaa hutumia nguvu zake zote. Bolti za kava zinataka nguvu ya nyutoni mita 10 hivi, kidogo sana. Zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati kwenda nje. Akizidisha, gasketi inapondeka au nyuzi za bolti zinang'oka, na hapo sasa...

Halafu vali ya PCV, ile inayopumua presha ya ndani ya injini, karibu nisahau. Ichomoe uitikise. Isipolia ndani, imeziba, na presha itasukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya. Usimruhusu afunge kava kabla ya kuiangalia. Narudia: silikoni pembe 2 tu.

Inavuja upande gani hasa? Umechomoa plagi ukaona kama zimelowa? Harufu ya oili inayoungua inaingia ndani ya gari? Kiwango kwenye dipstiki kimeshuka? Na mama, mguu wake unaendeleaje? Ungeweza kuniletea gari Jumamosi, tulifungue pamoja? Kama huwezi, nitume gasketi na Kioko akirudi Ijumaa?

Nijibu kabla hujamlipa mtu.

Wako,
Musyoka