Mama mweusi Marekani na bima inayokatika

Mhariri,

Vifo vya uzazi vya wanawake weusi nchini Marekani vikitajwa, mjadala hukimbilia sheria za utoaji mimba. Zina uzito wake, lakini ipo sera nyingine ya majimbo ambayo haipigiwi kelele: mama atabaki na bima ya afya mpaka lini baada ya kujifungua.

Mwaka 2023 walikufa wanawake weusi 50.3 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai; weupe 14.5. Hesabu hiyo huishia siku ya 42 baada ya ujauzito kumalizika. Kamati zinazochunguza vifo hadi mwaka mzima zimeona kuwa zaidi ya nusu hutokea baada ya wiki ya kwanza tangu kujifungua. Kwa wanawake weusi, magonjwa ya moyo ndiyo yanayoongoza. Misuli ya moyo inaweza kudhoofika hata mwezi wa tano baada ya kujifungua: mama anakosa pumzi akilala chali, miguu inavimba, anaambiwa ni uchovu wa kulea. Kwa miaka mingi Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilimwacha siku ya 60.

Tangu Aprili 2022 majimbo yanaruhusiwa kuirefusha hadi miezi 12, na karibu yote yamekubali. Texas ilianza Machi 2024. Ni hatua njema. Hata hivyo Texas na Mississippi hazijapanua Medicaid kwa watu wazima maskini kwa jumla, hivyo wengi wanashika mimba wakiwa na presha ambayo haijawahi kutibiwa.

Bima pekee haishushi presha. Jimbo limlipie kila mama mwenye tatizo hilo mashine ya kupimia nyumbani, yenye mkanda unaotosha mkono wake, kwani mkanda mdogo hutoa namba za juu za uongo. Presha iliyokuwa kali ipimwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7 hadi 10. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, na kudumu dakika 15, ni dharura: dawa ianze ndani ya saa moja, pamoja na magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba.

Mambo huharibika mapokezi ya dharura, mgonjwa anapofika bila tumbo wala mtoto, akilalamika kichwa na kuona maluweluwe. Majimbo yalazimishe swali moja pale mlangoni: umekuwa mjamzito ndani ya miezi 12? Na Mswahili aliyejifungulia Houston au Atlanta asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe, kabla ya kutaja maumivu.

Msomaji wenu